Yasini Ndani ya Kompyuta ya Fuadi

Mwezi uliopita alinijia nyumbani msichana mmoja, jina lake Rukia, mpole, mwenye adabu zake, na kompyuta ndogo ya kukunja kwapani. Alipanda ngazi zangu, ambazo siku hizi hata mimi nazipanda kwa kujivuta, akatoa salamu kamili kama alivyofundwa, akauliza hali yangu, hali ya wanangu na hali ya majirani, na mimi nikamjibu alhamdulillahi kwa kila moja. Nikampa kahawa na halua. Kisha akafungua ile kompyuta juu ya meza yangu ya chakula, juu ya kitambaa nilichokidarizi kwa mkono wangu, akasema, "Bi Mkubwa, nimekuletea zawadi." Na zawadi yenyewe ilikuwa ni sauti ya Salha, ambaye mimi nilimwosha na kumvisha sanda mfungo mosi, mwezi wa Idi. Ikatoka safi kabisa, bila mkwaruzo hata mmoja, ikisema, "Mke wangu, chai hiyo yaja kwa miguu ama yaja kwa meli?" Rukia alikuwa akitabasamu, akingoja nifurahi. Mimi nilishika ukingo wa meza.

Najua mnavyozisifu mashine hizi. Nimesikia redioni, nimesikia kwa wajukuu. Ati zamani filamu ilikuwa ya wenye mali, kamera kubwa kama jeneza, mikanda ya kupelekwa ng'ambo kusafishwa, na leo kila mwenye simu ni mtengenezaji filamu na kila mwenye bando ana sinema yake mfukoni. Sawa, mimi sibishi. Sisi wenyewe tusingetengeneza chochote kama si kamera ndogo ya kushikika kiganjani. Lakini nawauliza jambo moja, na sijapata wa kunijibu: filamu inayoweza kufika kila mahali, itakataaje kwenda mahali? Maana sisi tulitengeneza filamu ambayo uzuri wake wote ulikuwa katika pale isipokwenda.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sinema za Mombasa mjini zilikuwa zimeshafungwa moja moja, na pamoja nazo ikafa shoo ya wanawake, ile ya mchana, ambayo mama zetu walikwenda na mabuibui yao, na vyungu vya biriani, na watoto wa kunyonya, wakalia na kucheka humo gizani mpaka alasiri. Aliyeilia zaidi shoo hiyo alikuwa Bi Zuhura, mwanamke wa Kuze, mpambaji wa mabibi harusi, mwenye mwili na mwenye sauti. Hakuna aliyeolewa Mji wa Kale miaka ile bila mikono ya Bi Zuhura kupita usoni pake. Siku moja tumekaa orofani kwake tunamenya vitunguu vya harusi ya watu, akasema, "Wametufungia sinema, basi na tutengeneze yetu. Ya wanawake, imefanywa na wanawake, yatizamwa na wanawake." Tukacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshaazima kamera kwa Fuadi.

Fuadi alikuwa na duka la vidio nyuma ya Ndia Kuu. Kijana wa watu, mtanashati, mafuta ya nywele na tasbihi mkononi, mwepesi wa "dada" na "mamangu". Kamera yake ndiyo ya kwanza ya aina ile tuliyoiona, na ndani ya duka, katika kijichumba cha nyuma, alikuwa na kompyuta ya kukatia na kuungia picha. Aliyeijua kompyuta ile sawasawa alikuwa dada yake Naima, si yeye, na kwa hiyo Bi Zuhura akaridhika. Harusi zetu zilikuwa hivyo tangu zamani: usiku wa kupamba hakanyagi mwanamume, na anayepiga vidio ni mwanamke, na kaseti yenyewe hukabidhiwa mama wa bibi harusi mkononi. Kaseti za kamera nazo hazirudi dukani hivi hivi. Wanawake watatu wanne hukaa nazo, zikarekodiwa sura ya Yasini juu yake mwanzo mpaka mwisho, yale ya chini yakafutika. Hata kama kuna mwenye jicho baya, nani angethubutu kuchokoachokoa chini ya Yasini? Hiyo ndiyo iliyokuwa kufuli yetu, na mpaka hapo haikuwahi kuvunjwa.

Sasa Salha. Alikuwa ustadha wa watoto wa kike pale mtaani, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, buibui mpaka chini na uso kaufunika. Ungemkuta njiani ungesema huyu ni wa kusali na kulala tu. Kumbe ndani ya nyumba, mabuibui yakishatundikwa, hakuna aliyewahi kutuvunja mbavu kama yeye. Alikuwa akiigiza waume. Si mume fulani, waume wote: anavyoketi barazani akijikuna goti, anavyotafuta kofia ilhali ameivaa, anavyoitisha maji na mtungi uko karibu na mkono wake. Bi Zuhura akamwambia yeye ndiye Bwana Kombo, mume mvivu wa filamu yetu. Salha akakataa siku nyingi. Alipokubali, alikubali kwa sharti moja, akalisema mbele yetu sote tukila viazi vya karai: "Mwanamume asinione. Hata mmoja. Hata akiwa mdogo, hata akiwa kipofu." Bi Zuhura akaapa. Tukaapa sote, mdomo una ukwaju.

Tulipiga picha mchana, baada ya adhuhuri, waume wakiwa makazini au wamelala. Orofa ile bado naiona: madirisha yamefungwa mbao, joto la kukukosesha pumzi, kitanda cha Bi Zuhura cha samadari ndicho kiti cha enzi cha Bwana Kombo. Salha kavaa kanzu ya marehemu mume wa Bi Zuhura, kofia ya vito, masharubu ya wanja. Naima nyuma ya kamera anajiuma kidole asicheke. Na siku ya mwisho, Bwana Kombo alipoinuka kitandani kwa hasira kwenda kujipikia chai mwenyewe, mara ya kwanza maishani mwake, kofia ikamponyoka, na nywele zote zikamwagika mpaka kiunoni. Tulikuwa hatujui kuwa ana nywele kiasi kile. Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Salha akazikusanya haraka, akasema, "Itoeni hiyo." Bi Zuhura akamwambia, "Nani wa kukuona, mwanangu? Ni sisi kwa sisi." Ikabaki. Naima aliiunga kule kijichumbani, tukatolewa kaseti moja kubwa ya vidio, moja tu.

Na hapa ndipo penye kichefuchefu changu, kwa hiyo nitapasema polepole. Kaseti ndogo za kamera tulizirekodia Yasini, zikafutika kweli, tukahakikisha. Lakini filamu ilikuwa imepita pia ndani ya kompyuta, na Bi Zuhura hakuwa mjinga, aliliona hilo. Akaenda kumwuliza Fuadi dukani, na mimi nikiwa naye. "Mwanangu, hichi kisanduku chako twakifutaje?" Fuadi akatazama kompyuta, akatutazama sisi, na nikaiona midomo yake ikitaka kucheka ikajizuia. "Mamangu, kama kaseti tu. Rekodini juu yake." Basi siku ya Ijumaa, wanaume wako msikitini, tukaenda na chetezo na udi. Naima akafungua kompyuta, akaiingizia Yasini ya kaseti ya msomaji kwa kipaza sauti, na sisi tukakaa juu ya jamvi mle kijichumbani, vichwa tumevifunika, tukasikiliza mpaka aya ya mwisho. Bi Zuhura akakifukiza kile kisanduku mbele na nyuma, akakipangusa kwa upande wa leso yake, akasema, "Alhamdulillahi, yamekwisha." Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Yasini ilikaa upande wake, na Bwana Kombo upande wake, kama wapangaji wawili nyumba moja wasiosalimiana. Fuadi alilijua hilo siku ile ile. Naima aliniapia baadaye huku akilia kwamba yeye hakulijua, na yeye nilimwamini.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyokuwa raha ya ujana wangu, na sitakubali mtu aniharibie hata hiyo. Kazi yangu ilikuwa kubeba kaseti. Naitia ndani ya kikapu, chini ya mchicha, naenda nyumba iliyotuita. Hakuna tikiti, hakuna tangazo. Bi Zuhura hupeleka habari, na wanawake wakaja kwa mlango wa uani. Simu za mkononi zilikuwa chache bado, na mwenye nayo aliiacha jikoni. Kabla sijaitia kaseti kwenye mashine nawaambia kama nilivyofundishwa, "Lililoonekana hapa limefia hapa, na aliyeonekana hatajwi," nao wanaitika "Wallahi" kwa pamoja, hata vibibi visivyoona vizuri. Halafu nakaa kando ya televisheni, sitoki. Ikiisha nairudisha nyuma mwenyewe, naitia kikapuni. Na kula, mbona nilikula: mahamri na mbaazi nyumba hii, kaimati nyumba ile, mkate wa sinia, wali wa nazi na papa wa kukaanga. Nilinenepa mpaka Salha akaniita mkungu wa ndizi.

Lakini zaidi ya chakula ni yale niliyoyasikia. Filamu hukaa nusu saa. Maneno hukaa mpaka magharibi. Bwana Kombo akiitisha chai, kuna mwanamke atasema taratibu, "Huyo ni wangu huyo," na mwingine, "Basi wako huamka, wangu hukohoa tu nijue ataka chai," na kicheko kinaanza chini kinapanda. Niliona wakwe na wake wa watoto wao wakishikana mikono kwa kucheka, watu walioishi nyumba moja miaka hawapeani maji. Mama mmoja kule Kizingo, nyumba kubwa yenye bustani na askari getini, alilia kofia ilipoanguka, akaniomba nirudishe nimwone tena. Sikumwuliza analilia nini. Salha mwenyewe alikuja nyumba moja tu, akakaa nyuma kabisa, na wanawake walipogeuka kumtazama alijifunika uso kwa kanga huku mabega yakimtikisika kwa kucheka. Watengenezaji wa siku hizi huhesabu waliotazama. Sisi tulikuwa tukiwajua.

Kisha siku moja asubuhi nimekwenda Marikiti kununua iliki. Napita barazani pa muuza kahawa, kuna televisheni ameiweka juu ya kreti, wanaume wamekaa na vikombe vyao. Nikaisikia sauti. "Mke wangu, chai hiyo yaja kwa miguu ama yaja kwa meli?" Nilidhani nimepatwa na wazimu, maana kaseti ilikuwa nyumbani, chini ya godoro langu. Kisha nikasikia jambo ambalo filamu ile haikuwahi kulisikia: kicheko cha wanaume. Kizito, cha kifuani, na makofi juu ya mapaja. Mmoja akasema, "Ngoja sasa, ngoja kofia, tazama nywele za mwanaharamu huyu." Wakanyamaza wote kungoja. Iliki niliiangusha pale pale, sikuiokota.

Ilikuwa ni CD. Fuadi alikuwa amezitoa kwenye kompyuta ile ile tuliyoifukiza, akazitia makaratasi yenye picha ya kofia, akazisambaza kwa wauzaji mpaka Likoni, mpaka Malindi. Bi Zuhura alikwenda dukani bila hata kuvaa viatu sawasawa, mimi nyuma yake. Fuadi hakukimbia wala hakuinamisha kichwa. Akatuwekea viti. "Mamangu, kitu kizuri hakifichwi," akasema. "Nyinyi mlikuwa mwaizika. Mimi nimeipa uhai." Bi Zuhura akamwambia, "Uliniambia nirekodi juu yake." Akajibu, "Na mlirekodi. Kisomo chenu kiko, sikukigusa." Akakifungua akatuchezea, ile Yasini yetu, na sauti ya Bi Zuhura mwishoni ikisema yamekwisha, maana mashine ilikuwa imemnasa na yeye. Nimeishi miaka mingi na nimeona watu wabaya, lakini sijaona uso uliotulia kama ule. Bi Zuhura akamtemea mate miguuni, akaondoka.

Tulijaribu kuzizoa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini uchungu haujui methali. Kila mwanamke aliisaka nyumba yake, akazitoa CD kwenye makabati ya wana na waume, akazileta kwa Bi Zuhura chini ya buibui. Yeye alizivunja kwa mchi, na nyingine akazitundika kwa uzi kwenye kamba za juu ya paa, ati zifukuze kunguru. Kunguru wa Mombasa hawajaogopa kitu tangu waumbwe. Walikuja wakatua juu ya kamba zile zile, wakajitazama humo. Na kwa kila CD iliyovunjwa Fuadi alikuwa akitoa nyingine, kwa kubonyeza kidole tu, huku akinywa soda.

Uso wa Salha ulikuwa umefunikwa njiani kama siku zote, na tulijidanganya kwamba hilo litamwokoa. Tulisahau sauti. Siku ya kwanza alipotoka, alisimama dukani akasema, "Nipe nusu ya sukari," maneno hayo tu, na vijana wa pembeni wakageuka kwa pamoja. "Bwana Kombo! Chai yaja kwa miguu ama kwa meli?" Wakamfuata mpaka mlangoni kwake. Kesho yake vivyo hivyo. Wazee wa chuo cha Kurani wakampelekea mtu kumwambia apumzike kidogo kusomesha, na hiyo kidogo haikwisha. Salha hakubishana na mtu. Aliacha kusema nje. Akienda dukani alinyoosha kidole. Akisalimiwa njiani aliweka mkono kifuani. Akipanda feri, akienda hospitali, akienda hata kutoa pole msibani ambako wanaume wako karibu, mimi ndiye niliyekuwa nikimsemea, na watu wageni wakadhani ni bubu. Na ndani ya nyumba nako sauti ikashuka, ikashuka, mpaka ikawa ya kusogezewa sikio. Kumwigiza mwanamume hakumwigiza tena. Alikuwa na kipaji ambacho Mwenyezi Mungu hakumpa mwingine mji huu, na alikwenda nacho kimya hadi mfungo mosi huu uliopita.

Nilimwosha mimi na mwenzangu mmoja. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, bado ndefu, nikazisuka mikia mitatu kama inavyotakikana, nikazilaza mgongoni. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hasemi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, kwamba ukiaminiwa kuona, malipo yake ni mdomo wako.

Basi huyo Rukia, na kompyuta yake mezani pangu. Alinieleza kwa furaha. Filamu ameipata kwa Mzee Fuadi, ambaye siku hizi ni mzee, na yeye na wenzake waenda kumtuza: kutakuwa na hafla, ukumbi mkubwa, filamu itaonyeshwa juu ya kitambaa kipana, imesafishwa picha, imesafishwa sauti, na mwanzoni imeandikwa kwamba mtayarishaji ni Fuadi. Ile ya kofia, akasema, inazunguka kwenye simu dunia nzima, watu wanaitumiana wakichoka na waume zao. Akanionyesha. Kofia yaanguka, nywele zamwagika, kofia yarudi kichwani, yaanguka tena, bila kukoma, na Salha hapewi hata nafasi ya kuzikusanya. "Zima," nikamwambia. Akazima mara moja, masikini, akidhani macho yananiuma.

"Kilichobaki ni majina tu, Bi Mkubwa," akasema. "Hatutaki hawa wanawake wasahaulike. Huyu hasa. Huyu ni nani?"

"Mzee wako Fuadi hakukwambia?"

"Asema hakumbuki. Asema walikuwa wasichana tu wa mtaani, na watu walikuwa wakimwita Bwana Kombo."

Nilicheka. Nilicheka mpaka akaogopa. Miaka yote ile Fuadi ameuza nywele za Salha na koo lake, na jina hakulijua, au alilijua likamponyoka kwa kutokuwa na thamani kwake. "Umeuliza wengine?" nikamwambia.

Akashusha pumzi. Alikuwa amechoka kweli, mtoto wa watu. "Nimezunguka Mji wa Kale wote. Nimekwenda kwa Bi Naima, dada yake mwenyewe Mzee. Nimekwenda kwa kila bibi niliyeambiwa alikuwako. Wanatazama, wanatokwa na machozi, halafu wote waniambia hawamjui. Mmoja hata amenambia huyo si mtu wa Mombasa. Nimeambiwa nikikosa kote nije kwako."

Nikageukia birika la kahawa, maana nilikuwa sitaki anione uso. Naima, dada wa huyo huyo Fuadi. Wale walioitika, leo vibibi wenyewe. Yule wa Kizingo pengine. Fuadi alivunja kila kufuli tuliyokuwa nayo, na lile "Wallahi" la mdomoni, lililosemwa na vinywa vimejaa mahamri, hakuna aliyelivunja.

"Yuko hai?" Rukia akauliza. "Nambie hilo tu."

Nilitaka kumwambia aiweke tena ile sauti. Nasema kweli. Kwa miaka sikuisikia ikipaa hivyo, na ilikuwa hapo, chini ya kidole chake, kubonyeza tu. Nikamwongeza kahawa. "Simjui, mwanangu," nikamwambia. "Kunywa, itapoa."

Alikunywa akaenda zake. Na nyinyi mliofika nami mpaka hapa, nimewapa nyumba zetu, nimewapa vyakula vyetu, kicheko chetu na aibu ya Fuadi, na hilo la mwisho lisambazeni mtakavyo. Lakini hakuna Salha aliyesomesha mtaani kwetu mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Ulizeni wanawake, watawaambia.